Bonanza Ziwa Nyasa: Mkishuka mjue mko ugenini

MBINGA. FEBRUARI 2017, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiichezea Atlético Mineiro ya Tete, Msumbiji, alimaliza mazoezi kisha akasogea ukingoni mwa Mto Zambezi kunawa mikono. Mamba, ambaye mashuhuda walimkadiria kuwa na urefu wa mita tano, akamvuta majini. Kijana hakuwa anapiga mbizi wala kuvuka mto. Alikuwa ananawa mikono tu.

Julai 2023 ikatokea tena, safari hii Costa Rica. Mchezaji wa Deportivo Río Cañas, klabu ya madaraja ya chini, aliingia mtoni na kuuawa na mamba.

Huko mbali habari hizi zilisomwa kama vituko vya dunia. Kwa mchezaji wa Namswea, au wa kata nyingine yoyote ya Mbinga ambayo timu yake ikialikwa bonanza inashuka Ziwa Nyasa, hakuna kituko hapo. Ni ratiba ya kawaida kabisa ya siku ya mechi: mpira, jasho, maji.

Na safari zenyewe zimekuwa nyepesi. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, na siku hizi ni lami inayoteremka milimani kona baada ya kona. Zamani ulikuwa ukifika umechoka na vumbi limekukaa hadi masikioni. Sasa timu inaondoka asubuhi na Coaster au Noah mbili, inacheza, inakula samaki, inaoga, jioni inarudi Umatengo. Kahawa ikishalipa na mabonanza yakipamba moto, kila wikiendi kuna watu wa kushuka.

Hakuna ubaya. Ziwa ni letu, mchanga ni mzuri, wenyeji ni wakarimu. Ila watu wengi wanashuka na akili ya uwanja wa nyumbani, wakati pale ni ugenini. Mkoa huu unajua maana ya ugenini. Majimaji ya Songea ilipokuwa Ligi Kuu, kabla haijashuka mwaka 2018, hata wakubwa wa Dar walikuwa wanaingia Songea kwa adabu. Ziwani ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu mamba na kiboko hawana refa.

Na kuna tofauti nyingine kubwa. Kwenye ligi, mashabiki wakirusha chupa, Bodi ya Ligi inaipiga faini klabu yao. Ziwani adhabu haimfuati aliyekosea. Nyinyi mtaondoka Jumapili jioni. Jumatatu alfajiri, mama wa kijiji atashuka na ndoo yake palepale mlipotupa matumbo ya samaki na mifupa ya kuku. Kama kuna mamba aliyejifunza kwamba pale kuna chakula, atakayekutana naye ni yule mama.

ZIWA LENYEWE

Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, nyuma ya Victoria na Tanganyika. Urefu wake unakaribia kilomita 580, na kwenye kina kirefu zaidi linafika mita 700 hivi. Kwa idadi ya aina za samaki hakuna ziwa lolote duniani linalolifikia, na wengi wao hawapatikani popote pengine. Wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye miamba, ambao watu huwaita samaki wa mapambo, wengine wanaishi kwenye kundi moja tu la mawe. Ukihamia miamba ya mbele unakuta wenye rangi nyingine.

Wenzetu wa Malawi walitenga sehemu ya kusini ya ziwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwenye mwambao wa Ruvuma, ukishuka Mbamba Bay au Liuli hukuti geti wala askari wa kukagua begi. Ulinzi uko kwa serikali za vijiji, vikundi vya wavuvi vya BMU, na adabu ya mgeni mwenyewe. Ndiyo maana adabu hiyo ina uzito.

MAMBA ANASOMA RATIBA

Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Lituhi na Manda, hautajwi bila mamba. Kabla ya daraja kujengwa, watu walikuwa wanauvuka kwa vyombo huku roho zikiwa mkononi. Mto Ruvuma nao una mamba. Na ziwani wapo, hasa karibu na midomo ya mito, kwenye matete na maji yaliyotulia.

Mamba hamfukuzii mtu nchi kavu kama mbwa. Anavizia. Macho na pua tu ndiyo vinabaki juu ya maji, vingine vyote viko chini, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu akisubiri. Mahali ambapo watu wanafika kila siku saa ileile kuchota maji, kuoga au kufua, kwake ni mahali pa kupiga kambi. Ndiyo kusema anasoma ratiba yenu. Kule Buchosa, mkoani Mwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, imejenga vizimba ndani ya Ziwa Victoria ili wananchi wachote maji bila kushambuliwa. Jambo lisingefika huko kama mamba angekuwa wa kubahatisha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuuliza kabla ya kuvua viatu. Muulize mvuvi, muulize mama anayefua, na kabla ya wote mwulize mwenyeji aliyewaalika: "Hapa watu wanaoga wapi?" Wakikuonyesha mita mia mbili kutoka pale ulipopapenda, nenda huko. Ukiona ufukwe mzuri ambao hata watoto wa kijiji hawaugusi, usijione umegundua kitu. Wana sababu.

Kanuni ya pili ni saa. Alfajiri, jioni jua likizama, na usiku, maji siyo yako. Bahati mbaya huo ndio muda ambao mechi inakuwa imeisha na vijana wanataka kujimwagia. Kama filimbi ya mwisho inalia saa 12 jioni, timu ioge kwa ndoo, mbali na maji. Ni bora mechi ianze mapema kuliko wachezaji kuoga gizani.

Kanuni ya tatu inawahusu wale wa kuchuchumaa ukingoni kunawa uso, kusuuza viatu, kujaza chupa. Kumbuka Tete. Mtu aliyeinama ukingoni ameshajileta mwenyewe.

Na likitokea la kutokea, wenzake wasijirushe majini kwa hasira, maana mnaweza kupoteza wawili. Pigeni kelele, rusheni kamba au mti mrefu, waiteni wavuvi wenye mitumbwi.

KIBOKO: USIZIBE NJIA

Ukimtazama kiboko unaona mzigo wa nyama usio na haraka. Usidanganyike. Nchi kavu anaweza kufika mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwa umbali mfupi, yaani mita 100 kwa sekunde 12 hivi. Usain Bolt, aliyekimbia kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, angemwacha. Winga wa mtaani mwenye ndala, kwenye mchanga, tumbo limejaa ugali wa muhogo, hamwachi.

Mchana kiboko anakaa majini. Usiku anatoka kula majani, kisha anarudi kabla hakujapambazuka, na hupenda kupita njia zilezile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majanini hadi majini, yenye nyayo kubwa, hapo si mahali pa kutandika mkeka wala kusimika hema. Kosa linaloua ni kusimama kati yake na maji. Ukikutana naye nchi kavu, mwachie njia ya kurudi ziwani, ondoka pembeni taratibu, achana na habari za kupiga picha. Mama mwenye mtoto ndiyo usimsogelee kabisa.

MAKOMBO YA BONANZA

Kwenye Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mtihani wao ni dubu. Kwa miaka mingi watalii walikuwa wanawarushia chakula kupitia madirisha ya magari, na dubu wengine wanashiba kwenye majalala ya hoteli. Watu walifurahi kuwaona karibu. Lakini dubu aliyezoea chakula cha watu haombi tena, anachukua. Watu wakajeruhiwa, na dubu wengi wakauawa kwa tabia waliyofundishwa na wageni. Ilipofika 1970 majalala yalifungwa. Leo mgeni anafungia chakula kwenye sanduku la chuma au anakining'iniza juu ya mti, na haruhusiwi kumsogelea dubu chini ya mita 91.

Nyasa hakuna dubu, somo ni lilelile. Nyani na ngedere wakizoea ndizi za timu ngeni, wiki ijayo watavamia jikoni kwa mwenyeji na shambani kwake. Fisi anafuata mifupa. Matumbo ya samaki yakitupwa majini pale watu wanapooga, mnawaita mamba. Bonanza moja linaweza kupita salama. Likirudiwa kila wikiendi, wanyama wanajifunza.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Chakula kikae ndani ya gari au ndoo yenye mfuniko. Makombo na takataka ziingie kwenye viroba, virudi na gari lililowaleta. Msizichimbie mchangani, maana fisi na mbwa watazifukua kabla hamjafika Mbinga. Wavutaji wakusanye vichungi vyao. Jezi na miili visisabunishwe ndani ya ziwa; chota maji mahali salama, fulia na ogea mbali. Na kuchimba dawa, kama hakuna choo, kuwe mbali kabisa na maji na mifereji inayoingia ziwani. Watu wanayanywa maji hayo.

Wapenda soka tuna mfano wa kuigwa. Kombe la Dunia 2018 kule Russia, Japan ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Ubelgiji, ikalala 3-2 kwa bao la sekunde za mwisho. Mashabiki wao wakiwa na machozi walibaki jukwaani kuokota taka, na wachezaji wakaacha chumba cha kubadilishia nguo kikiwa safi na karatasi ya kushukuru kwa Kirusi. Kama watu waliotolewa kwa maumivu yale waliweza, timu iliyofungwa bao moja la penalti Mbamba Bay haina kisingizio.

BOTI SIYO JUKWAA

Baada ya kula, lazima atatokea mmoja wa kusema twende na boti tukazunguke. Hapa ndipo soka la Afrika Mashariki lina kovu lake.

Desemba 25, 2016, timu ya kijiji wilayani Buliisa, Uganda, pamoja na mashabiki wake, walipanda boti kuvuka Ziwa Albert kwenda kucheza mechi ya kirafiki ya Krismasi. Walikuwa watu wapatao 45, wanaimba, filimbi na vuvuzela zinalia. Kwa maelezo ya polisi wakati ule, watu walijazana upande mmoja, boti ikapinduka. Takriban 30 walifariki. Hapakuwa na mnyama hapo, wala dhoruba ya kusimulia. Ilikuwa shangwe ndani ya chombo kilichozidiwa.

Nyasa ina upepo pia. Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma kutoka kusini-mashariki, wavuvi huuita mwera, na unaweza kuligeuza ziwa lililokuwa kioo asubuhi kuwa milima ya maji mchana. Mwaka 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi na kuua watu 145. Kama meli ilizidiwa, boti ya mbao yenye wachezaji 20 na ngoma haina ubishi.

Kwa hiyo: kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, tena limefungwa, lisiwe la kukalia. Idadi ya watu aitaje mwenye boti, siyo nahodha wa timu. Mkae katikati, msiinuke wote kupiga selfi upande mmoja. Sikilizeni utabiri wa TMA, na mvuvi mzee akisema leo haifai, mjadala umeisha. Na aliyelewa abaki nchi kavu.

Wanaojiona mafundi wa kuogelea nao wasikilize. Mwaka 2019, Martin Hobbs wa Afrika Kusini aliogelea urefu wote wa ziwa hili, alitumia siku 54. Ni rekodi ya dunia, lakini alikuwa na maandalizi na watu wa kumsindikiza. Yule wa kubishana na wenzake kwamba atafika kwenye jiwe lile na kurudi hana vyote viwili.

KICHOCHO NA SAMAKI WACHANGA

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Kichocho kipo Nyasa, na kinaingia kupitia ngozi ukiwa ndani ya maji, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, mahali konokono wanapokaa. Dalili hazitokei siku ileile. Wiki kadhaa baadaye mchezaji anaanza kuchoka ovyo, au anaona damu kwenye mkojo, kocha anadhani amepoteza morali. Aliyeoga ziwani aende kituo cha afya, aseme wazi kwamba alioga Nyasa. Kuna vidonge vya praziquantel, na ugonjwa unatibika.

Hapa ndipo afya ya mchezaji inapokutana na uhifadhi. Watafiti waliofanya kazi kusini mwa ziwa walihusisha kuongezeka kwa kichocho na kupungua kwa samaki wanaokula konokono. Nyavu za macho madogo zilikuwa zinakokotwa karibu na ufukwe, samaki hao wakaisha, konokono wakabaki wanajinafasi. Maana yake, mgeni anayenunua samaki wachanga waliovuliwa kwa chandarua anachangia ugonjwa atakaorudi nao nyumbani.

Nunueni samaki, tena wengi, maana pesa ya mgeni ndiyo faida ya mwenyeji. Mbasa aliyekomaa, dagaa wa Nyasa waliokaushwa vizuri, vyote vipo. Wachanga waacheni. Wale wa rangi kwenye miamba msiwabebe kwenye chupa. Watakufa kabla hamjamaliza kupanda mlima.

LIPARAMBA: INGIA KWA KIBALI

Wapo wanaotaka kuunganisha bonanza na kuona wanyama wa porini. Njia ipo. Kusini mwa eneo hili, mpakani na Msumbiji, kuna Pori la Akiba Liparamba, linalosimamiwa na TAWA. Pori la akiba halina mlango wa nyuma. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuingia bila kibali ni kosa, hata kama bodaboda anasema anajua kichochoro.

Kibali chenyewe ni ulinzi. Ukiingia kihalali, askari wa wanyamapori wanajua mko wangapi, mko wapi, na mnatarajiwa kutoka saa ngapi. Ukiingia kwa kichochoro, gari likiharibika au mtu akikanyaga nyoka hakuna anayejua pa kuwatafuta. Ndani ya pori, mtu hashuki kwenye gari hadi aambiwe, hapigi honi wala muziki, hawashi moto ovyo, haokoti hata pembe iliyolala chini. Nyara ya serikali haiwi zawadi ya nyumbani.

KAZI YA MENEJA

Kwenye timu za mtaani, meneja ndiye anayebeba jezi, mpira na lawama. Abebe na haya: viroba vya taka, ndoo mbili za kuogea, maji ya kunywa ya kutosha, sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya majina ya wote waliopanda gari. Kabla ya kushuka, ampigie simu mwenyeji aulize hali ya ziwa na mahali pa kuoga. Wakifika, apite ofisi ya kijiji amsalimie mtendaji, awape shikamoo wazee waliopo. Haichukui dakika kumi, na mwenyeji aliyesalimiwa ndiye atakayewaambia kwamba juzi mamba alionekana pale.

Kisha ateue watu wawili wasioingia majini kabisa, wakae ukingoni, wahesabu vichwa. Na kamera zisielekezwe kwa akina mama wanaooga au kufua. Wageni wamewahi kushangaa kwa nini hawakualikwa tena, kumbe sababu ilikuwa simu zao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Timu kutoka Namswea ikishuka ikanunua samaki, ikacheza kiungwana, ikaondoka na taka zake na kuacha mamba na nyani bila tabia mpya, mwenyeji amepona. Mechi ya marudiano yeye ndiye atakayepiga simu kuwaita.